Rangi ya Kucha kwenye Pampu ya Dizeli

Baba hakuwahi kufunga skrubu ya gavana, ile ya kwenye pampu ya dizeli inayozuia injini isizunguke kupita kiasi, bila kuipaka rangi ya kucha nyekundu. Rangi ikipasuka, anajua kuna mtu kagusa, na mtu huyo harudi tena kwenye gereji yake pale Mbinga. Mimi ni binti yake na ufundi kanifundisha yeye. Nilijua adhabu.

Lakini aliyekuwa anaaibishwa na mlima ni mimi. Kwa gari langu nilibeba akina mama na viroba vyao vya usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Liuli kupanda Mbinga. Kwenye kona kali, gia namba mbili inavuta vizuri, halafu gavana inakata kabla gari halijashika kasi. Nikitia tatu, injini inachoka. Basi akina mama wanashuka, wanapanda kwa miguu, viroba kichwani. Mwishowe wakaniambia wazi: mara moja tu tena, wanahamia gari lingine.

Turbo nilishafunga. Springi za valvu nilishaweka ngumu. Kilichobaki ni rangi ya baba tu! Nilipomgusia, alisema nitatoboa bloku ya injini. Potelea mbali, nikaikwangua kwa bisibisi, nikazungusha skrubu nusu mzunguko.

Safari iliyofuata baba alikuwa Liuli kumsalimia shangazi, akarudi nami. Nilipofungua boneti kuongeza maji aliiona ile skrubu. Tulipofika chini ya kona akaniamuru nisimame, akashuka, akasema yeye hapandi jeneza. Akina mama wakatazamana, wakabaki garini.

Nikamwacha barabarani, ndiyo, baba yangu mzazi. Namba mbili ikavuta, ikapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, na haikukata. Nikatia tatu, ikakubali. Nilipiga honi mpaka juu, na sioni haya kusema nilikuwa nalia.

Nilimsubiri juu, injini ikinguruma; baba alifika anahema. Akafungua boneti, akainama, akaisikiliza injini muda mrefu.

"Rudisha robo, mama," akasema.

"Sirudishi, baba."

Nikatoa mkobani rangi yangu ya kucha, ya zambarau, nikaipaka skrubu mbele ya macho yake. Aliitazama. Kisha akaipuliza mpaka ikakauka, akafunga boneti, akapanda mbele.