Mama na Kopo la Mafuta ya Kondoo

Nilimweleza mama kwa simu yote aliyotuambia daktari, naye akashika neno moja tu: mafuta. Kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa.

Nilimwambia hivi. Utando unaofunika kila seli ya mwili ni wa mafuta, tabaka mbili, na kuna protini ambayo kazi yake ni kuyatoa mafuta fulani tabaka la nje na kuyarudisha ndani. Kwa mwanangu mchanga wa kiume protini hiyo ina hitilafu. Seli zake za kinga, zikiwa bado zinakua ndani ya mifupa, hubaki na mafuta hayo nje. Seli nyingine zikiyaona hudhani hizo zimekufa, zikazila kabla hazijakomaa. Basi mtoto hana askari. Kikohozi cha mgeni kinaweza kumuua.

Jumamosi mama akatua kwetu mtaani Pioneer na akina mama watatu wa kanisa, kopo la mafuta ya kondoo mkononi. Walikuja kumpakata mtoto kwa zamu na kumwombea. Mmoja alikuwa akikohoa ndani ya leso. Nilifunga komeo, nikasema nao dirishani.

"Si ulisema amekosa mafuta?" mama akauliza.

"Sikusema amekosa! Ako nayo, lakini haiendi mahali inafaa. Hata akimeza debe nzima haitasaidia."

"Masomo imemharibu huyu," akasema yule wa leso.

Nikamwambia akakohoe kwake. Niliwachukia wote, na mama zaidi, kwa vile alivyonitazama kama mtu wa kuhurumiwa.

Wenzake waliondoka wakisonya. Yeye akaketi kizingitini, mgongo mlangoni.

"Kabla uzaliwe nilikuwa na vijana wawili, watoto wa kunyonya," akasema. "Walianza na kukohoa tu, wakaisha. Watu walikuja kuwashika, kila siku. Mimi hakuna mtu aliniambia nifunge mlango."

Sikuwahi kusikia habari za ndugu hao. Daktari aliniuliza kama kwetu kuna wavulana waliokufa wakiwa wachanga, maana ugonjwa huu hubebwa na akina mama na huwapata wana wao wa kiume. Nikamjibu hakuna.

Hasira ikaniisha. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo mama alipokohoa.

"Enda nyumbani, mama," nikasema.