Filamu Aliyoingia Shaabani Bila Kuitwa

Shaabani, fundi magari wa mtaa wa Bwiza, ana mkono mwepesi, na mkono wenyewe haungoji akili. Mtaa mzima unajua. Tangu wezi wavunje gereji yake wakamwachia kuta tupu, mtu akipiga kelele "Mwizi!" yeye ndiye wa kwanza kutoka, awe na viatu au asiwe navyo. Alikuwa akijisifu kwa hilo, astaghfirullah! Na wezi wote, kwa maneno yake, walikuwa watoto wa Kinama, mtaa wa watu wa chini. Ukimuuliza amejuaje, anakujibu, "We, mi najua."

Sasa bwana huyu ana binti, Raihana, mwanafunzi wa lycée, yaani sekondari, mwaka wa mwisho. Raihana na wenzake watatu walikuwa wanatengeneza filamu kwa simu, bila mfadhili wala ruhusa ya mtu, juu ya mambo ya shuleni kwao: wa Kinama akikaa dawati la nyuma keshaitwa mwizi, wa Kibenga kwa matajiri keshaitwa mtoto wa kudeka, msichana wa hijabu keshaitwa bubu. Katika filamu, mwizi alikuwa Loïc wa Kibenga. Aliyesingiziwa alikuwa Fabrice wa Kinama, kijana mpole ambaye hata nzi humfungulia dirisha atoke. Baba hakuambiwa kitu. Angekubali? Thubutu!

Ilibaki sehemu moja, Fabrice anakimbizwa mtaani. Raihana akachagua Jumamosi asubuhi, saa za kazi za pamoja za usafi wa mtaa, magari hayaruhusiwi barabarani na maduka yamefungwa. Kelele hakuna, njia nyeupe. Akili nzuri kabisa! Alichosahau ni kwamba saa hizo wanaume wa mtaa wako nje wanazibua mitaro, na kila mmoja ana jembe au panga mkononi.

Raihana alipanda ngazi ya duka, akashika simu vizuri, akapunga mkono. Fabrice akachomoka na begi la mwenzao Ingrid kifuani. Nyuma yake Loïc akapaza sauti, "Mwizi! Mwizi! Mumushike!"

Nyuma ya kona Shaabani alikuwa mtaroni, tope hadi magotini. Hakuuliza. Aliruka na beleshi lake, na kijana alipofika tu konani akamtandika nalo upande wa kushoto wa kichwa, juu ya sikio. Fabrice akaanguka kama gunia. Wengine wakafika. Mateke mbavuni, kisigino juu ya vidole, jembe likashuka pajani likachana suruali na nyama pamoja. Damu ikamtoka sikioni ikachanganyika na tope. Na Shaabani, Mungu amsamehe, alikuwa anacheka. "Leo tumekupata!"

"Shaabani, leta tairi, si uko nazo!" jirani yake Moubarak akasema. "Mi naleta petroli."

Shaabani akageuka kweli kwenda kuchukua tairi. Ndipo Raihana akapenya miguuni mwa watu, akamlalia Fabrice mwili mzima. "Papa, apana! Ni filamu! Tunasoma naye!" Teke lililokuwa la Fabrice likampata yeye mgongoni. Shaabani aliona, na beleshi lile lile likawageukia majirani. Moubarak alipoteza meno mawili pale pale, kidumu cha petroli mkononi.

"Atakayewagusa namuua!"

Gari la kumpeleka hospitali halikuwepo, barabara bado zilikuwa zimefungwa. Shaabani akambeba mgongoni, akakimbia naye, damu ya mtoto wa watu ikimteremkia shingoni. Alikuwa analia kwa sauti na haoni aibu.

Fabrice alipona mguu na mbavu. Sikio la kushoto halikusikia tena. Shaabani alimpelekea kuku, akamtengenezea baiskeli, akamtembelea Kinama kila Ijumaa. Neno lenyewe la kuomba msamaha halikumtoka mdomoni miezi mitano.

Filamu ilionyeshwa mchana mmoja ukumbini shuleni, madirisha yamezibwa kwa vitenge. Simu ilikuwa imenasa lile pigo, na Fabrice ndiye aliyekataa lisikatwe. Beleshi lilipotua, ukumbi ukalipuka kwa makofi. "Mzee anaigiza huyu!" Mtu wa nyuma akampigapiga Shaabani begani, "Papa, ulijifunzia wapi?"

Shaabani akamwinamia Fabrice, aliyekaa karibu naye. "Mutoto wangu, unisamehe."

Fabrice hakugeuka. Alikodolea macho picha. Shaabani akahisi moyo unakatika: basi, amekataa, na ana haki. Kisha akatazama vizuri amekaa upande gani: wa kushoto.

Akasimama. Akapita mbele ya shuka lililotundikwa kuonyeshea filamu, kivuli chake kikaifunika picha nzima, watu wakamzomea. "Mzee, kaa chini!" Hakujali. Akapiga magoti upande wa kulia wa Fabrice, akasema tena, kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia.

Fabrice akamshika mkono, ule ule wa beleshi. "Nimesikia, papa. Kaa hapa, watu wanataka kuona."