Mashine ya Bwana Samaki

Bwana samaki wetu, ofisa uvuvi aliyeletwa na serikali, alikuwa mchoyo wa salamu. Ukimwamkia aliinua kidole kimoja, kisha akaendelea kufuta kioo cha mashine yake kwa leso. Mashine hiyo ilipeleka sauti chini ya Ziwa Rukwa na kuisikiliza ikirudi, na sindano yake ikachora sakafu ya ziwa kwenye karatasi iliyonuka kuungua. Aliisoma ameinama, kalamu sikioni, akitutolea neno moja moja kama sukari ya mgao. "Tope." "Kisiki." Penye kisiki hatukutega, maana kijiji chetu chote cha ujamaa kilikuwa na nyavu mbili tu.

Asubuhi moja sindano ilichora samaki wengi kama wingu, na chini yao mistari iliyosimama wima. Aliitazama kwa muda mrefu. "Kuta," alisema. Boazi, aliyeshika nyavu, akamweleza kwamba hapo palikuwa kwa wajomba zake kabla ziwa halijapanda na kuwahamisha. "Lakini samaki wamejaa, bwana, na kijijini wamebandika sufuria. Tushushe?" Bwana samaki alizima injini, akavua kofia, akainama ukingoni mwa boti. "Hodi," alisema, kwa sauti ya kawaida. Akangoja. Akabisha mara ya pili, na ya tatu. Kisha akavaa kofia, akawasha injini na kugeuza boti kuelekea nyumbani, nyavu zetu zikiwa kavu.

"Wenyewe hawapo," alisema. "Tutapita siku nyingine."