Mlingoti Unaoona

Mzee Kakuta hakuogopa simba, lakini ule mlingoti juu ya ghala la kijiji ulimnyima raha. Tangu kijiji kiweke hapo intaneti yake ya pamoja, ya bei ya kutupa, ng'ombe wake walikuwa wamekamatwa mara tatu kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, ambako kulisha kumekatazwa, mahali ambapo hata fisi angepotea. Mgambo Melkizedek alifika asubuhi na mapema, moja kwa moja, kama mtu aliyealikwa. Na kiangazi kilikuwa kikali. Ng'ombe wakifungiwa tena siku tatu bila malisho, wangeanza kufa.

Mlingoti unaona, alimwambia mkewe Nairesiae. Na anayeutunza, Odilia, ni mkulima. Nani asiyejua wakulima wanawatakia nini wafugaji? Nairesiae aliendelea kukamua. Mzee akaacha kabisa kupita mbele ya ghala.

Simu, hata hivyo, hakuisusa. Kila jioni alimtumia ujumbe wa sauti rafiki yake Yohana, mnunuzi wa ng'ombe kule Ruhembe. Kusoma hakujua, Yohana alimtambua kwa picha ya ng'ombe. Na Mmaasai akitoa habari habakizi: ndama aliyezaliwa, maji yaliko, majani yaliko, kesho anaelekea wapi. Siku hizi Yohana hakuwa akijibu. Mzee alijisemea kwamba mtu akishiba husahau rafiki.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama akataka mlingoti ung'olewe. Odilia alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba ya shingo upande. Kisha akafungua simu yake, kwenye grupu la kijiji ambamo kila aliyeunganishwa huingizwa, lenye picha ya ng'ombe wa kulimia. Akabonyeza.

"Majani yapo nyuma ya kiwanda kibovu cha mkonge," sauti ilisema. "Kesho alfajiri nawapeleka huko."

Ilikuwa sauti ya Kakuta mwenyewe. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Tulidhani unatutambia, mzee," Odilia alisema. "Melkizedek ilimuuma sana."

Kakuta aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini hofu ikaipita aibu. Jana jioni alikuwa ameeleza habari za korongo la mwisho lenye majani, nalo limekatazwa, na ng'ombe wote walikuwa huko sasa hivi. Akauliza polepole kama na ujumbe wa jana ulifika.

"Ulifika, mzee."

Akageuka kumtafuta Melkizedek. Kiti chake kilikuwa kitupu.