Mgeni Aliyekataa Kisusio

Aliyetupa sanduku la dawa mferejini ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Aliyeanza maneno ni mama mkwe. Mchili, mkubwa wa mtaa, alikaa na mbege yake, pombe ya ndizi, wala hakufungua mdomo. Naandika hivi kwa sababu huku Kirua wote watatu walizikwa kwa sifa. Mkosaji wa nne ni mimi.

Enzi zile za Mwingereza kila mtu alikuwa na habari za mumiani, mnyonya damu za watu. Huyu wetu hakuwa jini. Alikuwa mtu wa serikali, kachero wa siri, mwenye mshahara. Fundi wa kumsimulia alikuwa shemeji. Eti ana kurunzi, akikumulika unalala umesimama. Ana gari lisilo na mlio, na miwani inayoona damu ikitembea chini ya ngozi. Damu yenyewe inapelekwa Moshi kwa mapipa, inatiwa kwenye ndege.

"Mnadhani yale madege yanaruka kwa mafuta ya taa?"

Tulicheka mpaka machozi, halafu hakuna aliyetaka kwenda kuchota maji peke yake.

Ndipo akaja mpima homa, Mwislamu wa mjini, mpole, kofia safi. Mimi na mwanangu tulikuwa tumerudi na homa kutoka shamba la mahindi, kule tambarare. Akatuchoma vidole, akapaka damu kwenye vioo vidogo vya kupimia. Mimi akanipa vidonge.

"Vya mtoto vimeniishia, mama. Nitakuletea."

Siku aliyorudi alikuta tumechinja mbuzi. Wanaume walimkaribisha vizuri, sisemi uongo. Shemeji mwenyewe akamletea kisusio, ile supu ya damu, bakuli la mgeni wa heshima.

"Samahani, ndugu yangu, mimi damu sinywi."

Mama mkwe akasema, "Yetu anaichukua kwenye vioo, ya mbuzi anaiona taka?"

"Huyu kazoea tamu zaidi," akasema shemeji. Wakacheka, kisha nikaona hawacheki tena.

Mimi nilijua. Nilikuwa nauza ndizi soko la Moshi, wateja wangu wengi wanawake wa Kiislamu. Damu kwao ni haramu, hata mtoto wao mdogo angekwambia. Neno moja tu lingetosha. Lakini mama mkwe alikuwa ananitazama, na kila nikitoka sokoni aliniuliza nimeongea na wanaume gani. Nikainama, nikachochea moto.

Wakamvua kofia, wakampiga. Akanitafuta kwa macho. "Mama, waambie! Dawa ya mtoto imo humo!"

Sanduku likaenda na maji. Yeye akakimbilia migombani, pua inavuja damu.

Mwanangu alinifia mgongoni nikimpeleka hospitali, hata barabara kubwa sijaiona. Msibani shemeji alisimama mbele za watu akasema yule kachero alimmaliza mtoto siku ile ile ya kumchoma kidole. Wanawake wakanigeukia.

"Si ndivyo, mama?"

Nilikuwa nimekaa pale mzima, sina homa, vidonge vyake vimeniponya.

"Ndivyo," nikasema. "Ni yeye."