Siku Walimu Wote Waliporidhika

Nilikuwa nimekwisha amua kuacha kufundisha. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, ana duka la vitenge kule Salamabila, na alikuwa amefungua la pili karibu na machimbo ya dhahabu. Alitaka mtu wa damu yake akae pale. Mimi ni asistanti, mwalimu msaidizi, katika chuo kimoja hapa Kasongo, na somo langu ni saikolojia ya kazi, yaani nawaeleza watu kwa nini binadamu anaamka asubuhi kwenda kazini. Nimelieleza miaka mingi bila mshahara wa serikali, mpaka wanafunzi wa mstari wa nyuma wakaanza kunitazama kwa huruma. Basi nikamwambia yaya anivumilie kidogo: nimsimamie mwanafunzi wangu mmoja atetee kazi yake ya mwisho, kisha napanda moto, pikipiki ya abiria, naja. Godoro langu nililituma mbele. Nikawa nalala juu ya mkeka, nikijisifu kwamba safari hii sitageuka.

Mwanafunzi huyo alikuwa mtu mzima, mzaliwa wa Kabambare, aliyechimba dhahabu kabla ya kukumbuka shule. Siku aliponiletea mada yake nilicheka peke yangu. Alitaka kujua kama walimu wa chuo chetu wanaridhika na kazi yao. Nilimshauri achunguze mbuzi, kwa sababu mbuzi hawana mkuu wa idara. Hakukubali. Alisema atapita kwa kila mwalimu, amuulize kwa mdomo, amsikilize.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au tuseme yalipopendeza mno. Kwetu, mtu akianza kuuliza walimu habari za kazi zao, hakuna anayefikiri ni utafiti. Wanafikiri ni mekanizasio: Kinshasa imetukumbuka, jina lako litaingia kwenye mashine ya mishahara ya serikali, na wewe utakuwa mtu. Nilieleza, mwanafunzi mwenyewe alieleza, mpaka tukachoka. Kadiri tulivyokana ndivyo walivyozidi kuamini, maana jambo la kweli huku kwetu hukanwa kwanza.

Ndani ya juma moja chuo kilijaa walimu. Wengine sikuwa nimewaona tangu mvua za mwaka uliopita. Mmoja alitoka machimbo ya Lusangi na udongo mwekundu bado kwenye viatu, akaapa mbele ya mwanafunzi kwamba hajawahi kukosa somo hata moja. Mwingine, fundi wa kufuga bata, alivaa koti la harusi yake na kuja na picha ndogo za pasipoti, endapo zitahitajika. Mkuu wa idara alivuta kiti akakaa kwenye baraza palepale walipokuwa wanahojiwa, eti apunge upepo.

Sasa nani angesema ana uchungu? Mtu anayelalamika anaweza kufutwa jina kabla halijaandikwa. Kila mmoja aliridhika. Waliridhika na ubao uliopasuka, waliridhika na darasa linalovuja, na yule wa Lusangi aliridhika hata na maktaba, ambayo hatuna. Mimi pia niliulizwa. Nikasema ukweli, kwamba nimechoka na naenda Salamabila, na mkuu wa idara akakohoa sana.

Siku ya utetezi ilifika. Kwa ada yetu jamaa wa mwanafunzi huwapikia walimu watakaomsikiliza, na mashangazi zake walikuwa nyuma ya ukumbi tangu alfajiri. Wali, kuku, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa Lualaba: harufu yote iliingia kwa madirisha yasiyo na vioo. Mbele alikaa profesa wetu wa kukodi kutoka Bukavu, ambaye huja kwa moto kupitia Kabambare, hufundisha somo la mwaka mzima kwa siku chache, kisha hurudi amekaa upande mmoja kwa maumivu. Maswali ya wenzangu yalikuwa mafupi sana. Jirani yangu alianza swali, akanusa, akasema amekwisha jibiwa.

Mwanafunzi alieleza aliyoambiwa na walimu: tunaipenda kazi yetu kupita kiasi. Watu wakapiga makofi. Profesa akavua miwani, akamuuliza kama yeye mwenyewe anaamini.

"Hapana, Prof," akajibu. "Mimi siamini hata mumoja. Mama msimamizi wangu peke yake ndiye alisema kweli, na mama iko naenda zake."

Profesa akauliza, basi baada ya kuona haya yote, atafanya nini na shahada yake.

"Kama mama iko naenda, ile nafasi yake naiomba mimi. Kufundisha. Hata kama hakuna kitu ndani."

Walicheka wote, mpaka mashangazi kule nyuma. Mimi sikucheka. Kulikuwa na kitu kama moto kifuani, na kwanza nilidhani ni njaa. Ilikuwa hasira. Kazi ambayo nilikuwa naitupa kama maji ya kuoshea vyombo, mtu amesimama mbele ya watu anaitaka, tena mtu anayejua vizuri kuliko sisi wote jinsi isivyo na kitu.

Anayemsimamia mwanafunzi ndiye husema mwisho. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri ya kuaga. Nikasimama, nikasema: "Nafasi ile iko na mwenyewe." Kisha nikaanza kumuuliza. Nilimuuliza kwa nini aliacha mkuu wa idara akae pale barazani, na angefanyaje watu waseme kweli, na nini kinampa mtu moyo pale ambapo mshahara haupo. Kuku walipoa. Wenzangu walinitazama kama mwizi wa msikitini. Alijibu kila swali, bila haraka, na kadiri alivyojibu vizuri ndivyo nilivyozidi kuogopa. Mwisho nikakosa la kuuliza, nikakaa.

Tulimpa alama za juu. Wenzangu walipokimbilia sufuria, nilitoka nje nikampigia yaya, nikamwambia siji tena.

Yaya si mtu wa maneno mengi. Akauliza kama serikali imeanza kunilipa. Nikasema hapana. Akauliza kama wamenipandisha cheo. Nikasema hapana.

"Sasa wamekupa nini?"

Niliona haya kumjibu, mimi mwalimu wa saikolojia ya kazi. Nikamwambia hawakunipa kitu, yaya, ila kuna mtu ameitaka kazi yangu.