Vikombe viwili ambavyo fishi haikuandika

Hasira yangu ya wiki hii haijaisha, na kwa kuwa mimi ni mutu wa kuandika kuliko kusema, naiweka humu.

Yaya wangu, dada yangu mukubwa, alishikwa na uchungu asubuhi, mimba yake ya kwanza. Koko, mama ya mama yetu, alinipa teremosi, akasema ni chai. Haikuwa chai. Ilikuwa maji ya majani aliyochemsha mwenyewe, yale ambayo wanawake wa kwetu wanakunywa ili mutoto atoke mbio.

"Funika na kikwembe," aliniambia. "Wale wa materniti wanapenda kugombeza watu."

Nikafunika na kile kitambaa. Mimi nikitumwa natumika, ndiyo shida yangu. Tulienda kwa pikipiki, yaya katikati, mimi nyuma nikimushika, teremosi ikinibana tumbo. Tulipofika materniti ya hospitali, kwanza tulizunguka nyuma ya choo. Akanywa vikombe viwili, mimi nikimushikia kifuniko.

Kwenye baraza tulimukuta dada wa utafiti, ametoka Kindu na fishi zake, zile karatasi za kujaza majibu. Alikuwa anachunguza kwa nini watoto wengine wanazaliwa wamechoka, hawalii. Aliwaeleza wamama kwa Kiswahili chepesi: kuna majani yanayokaza tumbo, na hospitali nayo iko na sindano ya kukaza tumbo. Vikikutana, tumbo halipumziki, na mutoto anakosa hewa. Kisha akamuuliza kila mama peke yake.

"Mama, leo umekunywa dawa yoyote ya nyumbani?"

"Hapana," yaya akasema.

Teremosi ilikuwa chini ya benchi. Niliangalia miguu yangu. Dada akaandika hapana.

Saa sita mukunga akasema kazi inaenda polepole. Ni mama mwenye sauti kubwa, wote tunamuogopa. Alitundika seromu, ile chupa ya maji ya mushipa, akachukua kichupa cha ile sindano. Nikamuinamia yaya.

"Yaya, umuambie."

"Nyamaza. Unataka wanicheke materniti nzima?"

"Na mutoto?"

"Koko alizaa tisa na majani hayo. Weye umezaa wangapi?"

Ilikuwa kama darasani: najua jibu, mwalimu anapita, mwingine analisema. Nilipasua ukurasa wa kaye yangu ya shule, nikaandika: Alikunywa majani. Vikombe viwili. Saa nne. Nikamupatia mukunga bila kumuangalia, kama mutu anayerudisha kitu alichoiba.

Akasoma. Akaweka kichupa chini. Nilingoja kelele, hazikuja.

"Majani gani?"

"Sijui, mama. Ni machungu tu."

"Uliyaonja?"

"Kidogo."

"Basi na weye utazaa leo," akasema, akamulaza yaya kwa ubavu wa kushoto.

Uchungu ulikuja wenyewe, mumoja juu ya mwingine, bila sindano ya mutu. Mukunga aliweka pembe yake ya mbao kwenye tumbo, anasikiliza, anakunja uso, anasikiliza tena. Mutoto alitoka kama kitambaa kilicholowa. Walimupangusa, wakamuwekea usoni kile kimfuko cha kupuliza hewa, wakabonyeza. Nilihesabu, nikapotea, nikaanza tena. Kisha akalia, kilio kidogo cha kukasirika. Ni mutoto mwanamuke.

Nilifurahi, sisemi uongo. Lakini kesho yake dada wa utafiti alirudi kufunga fishi, na mimi nilikuwa nimejifunza sentensi moja usiku kucha. Nikamufuata barazani.

"Dada, ile hapana si ya kweli. Alikunywa. Mimi ndiye nilibeba."

Alinisikiliza mupaka mwisho. Si watu wengi wananifanyia hivyo.

"Mudogo wangu, nakuamini. Lakini hilo swali ni la mama mwenyewe. Siwezi kuandika kinywa chako mahali pa kinywa chake. Twende nimuulize tena."

Tukaenda. Yaya alikuwa ananyonyesha. Alimutazama dada usoni, hata hakupepesa.

"Hapana, dada. Chai tu."

"Chai tu," koko, aliyekuja kuona mutoto, akaitikia, huku akimenya ndizi.

Halafu wote watatu wakaniangalia mimi. Na mimi, mwenye sentensi yangu ya usiku kucha, niliangalia miguu yangu. Dada akafunga biki yake ya kuandikia. Mchana akapanda pikipiki na kwenda na fishi zake kwenye materniti ya Wamaza.

Kwa hiyo kwenye zile karatasi mutoto wetu alichoka bure, bila sababu. Watakaa na hesabu zao huko, watashangaa kwa nini hata watoto wa wale waliosema hapana wanazaliwa hawalii. Yaya hanisemeshi. Karatasi yangu mukunga alimuonyesha.

Jana koko alinipa teremosi niisafishe vizuri, binti wa jirani amebakiza wiki mbili azae. Niliipeleka chooni, nikaiangusha ndani ya shimo. Tangu asubuhi ananiuliza iko wapi, na mimi nafagia kiwanja. Najua sufuria bado iko, na majani yako nyuma ya nyumba.